Alisema wiki mbili, sasa ni mwezi wa tatu

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kyerwa, nimepanga chumba na sebule Nkwenda. Alipokuja mwalimu wa ajira mpya, binti wa Singida asiyemjua mtu huku, mwalimu mkuu aliniomba nimsitiri wiki mbili. Sasa ni mwezi wa tatu, bado analala sebuleni kwangu. Si mtu mbaya. Ila LUKU nanunua mimi, gesi mimi, maji ya ndoo mimi. Ndizi hali, anataka wali, na mchele naununua mimi. Usiku anaongea na simu hadi saa sita. Juzi nimerudi nikamkuta na mgeni wa kiume. Majirani wanasema nimpe jembe. Naona aibu kumpangia mtu mzima masharti. Nifanyeje?*

Mwanangu, kumpokea mtu asiye na ndugu wilaya nzima ni jambo kubwa, na sitaki ulijutie.

Umenitajia LUKU, mchele, simu na mgeni, lakini naona kinachokuchosha zaidi ni kutojua mwisho. Wiki mbili zilipita na hakuna aliyefungua mdomo. Wewe ulingoja aage, yeye anangoja mshahara. Anza na tarehe. Ukishaijua, hata ile simu ya usiku itakuudhi kidogo kuliko sasa.

Unajua mwenyewe mwajiriwa mpya anavyohangaika. Mshahara hauingii siku anaporipoti. Mpaka taarifa zake ziingizwe kwenye mfumo apate check namba, na posho ya kujikimu nayo yaweza kuchelewa. Muulize waziwazi kama pesa imeshaingia. Kama bado, akae hadi mwisho wa mwezi atakaopokea mshahara wa kwanza. Kama ilishaingia naye akanyamaza, mpe mwezi mmoja, usiongeze.

Zungumza naye Jumamosi jioni mkiwa mmeshakula, si asubuhi mnapokimbilia shule, wala si siku uliyokasirika. Mwambie: "Mdogo wangu, tulisema wiki mbili, zikapita tukanyamaza wote. Sikufukuzi. Nataka tujue utakaa hadi lini, na mpaka siku hiyo tuishi vipi." Sema wewe mwenyewe. Ukimtuma mwalimu mkuu, binti ataona ameshtakiwa kazini.

Gharama za miezi iliyopita usimdai, kwa kuwa hukumwambia. Kuanzia sasa nunueni daftari, kila LUKU, gesi na maji viandikwe, naye mshahara ukitoka alipe nusu ya gharama hizo. Kuhusu chakula, huku ndizi tunanunua kwa mkungu na mchele kwa kilo, kwa hiyo naelewa mfuko wako unavyouma. Lakini aliyekulia ugali hawezi kugeuka mla ndizi kwa miezi miwili. Pikeni ugali siku kadhaa, ndizi siku nyingine, na wali uwe wa pesa yake.

Juu ya jembe, sikubaliani na majirani zako. Kwenye kaya yenye kibanja, mgeni hushika jembe akalima bega kwa bega na mwenyeji wake. Kwenye chumba cha kupanga kazi iliyopo ni kufua, kupika na kudeki, na nimeona wanawake wema kabisa wakimgeuza mgeni asiye na pesa kuwa dada wa kazi asiyelipwa, bila hata kukusudia. Huyu ni mwalimu mwenzako. Zamu ya kufagia ua, kuosha choo na kupika igawanywe sawa kwa siku, na zako uzifanye hata kama kodi unalipa wewe.

Mgeni wa kiume ni suala jingine, na hapo usilegee. Mwenye nyumba anakujua wewe, na likitokea neno litakufuata wewe. Asiingize mwanamume ndani wakati hupo, na asilaze mtu yeyote. Lakini sebule ndiyo chumba chake cha kulala kwa sasa, kwa hiyo nawe mpe taarifa kabla ya kukaribisha watu. Simu iwe kimya kuanzia saa nne. Akitaka kuendelea, aandike meseji.

Kuna jambo hukuuliza. Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, na tangu Operesheni Kimbunga ya 2013, ule msako wa wahamiaji haramu, watu wa Kagera wanajua sura ngeni inavyoulizwa maswali. Kama hujafanya hivyo, mpeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji atambulike, akiwa na kitambulisho cha NIDA na barua yake ya ajira. Ni ulinzi kwake, na kwako uliyemhifadhi.

Mkishapanga tarehe, usimwache atafute chumba peke yake. Mgeni akiuliza bei anatajiwa ya mgeni. Zunguka naye, ongea na wenye nyumba unaowafahamu, ulizia pia kama kuna nyumba ya mwalimu shuleni inayokaribia kuachwa wazi. Tarehe ikifika na hajahama wala hajakueleza sababu, hapo ndipo umwendee mwalimu mkuu, kwa kuwa ndiye aliyekuletea mgeni.