KUMBUKUMBU YA KIJIJI NI MALI YA NANI?

Somo la vikundi: Haki za binadamu



Kuanzia Juni hadi Agosti vyuo vikuu vingi vya Marekani huwa vimefunga. Wanafunzi wengine hutumia wiki kadhaa za likizo hiyo kusomea nchi za kigeni. Somo moja wanalofuata ni haki za binadamu na kumbukumbu za historia, yaani jinsi watu waliodhulumiwa wanavyotunza habari za yaliyowapata. Wengine huenda Guatemala, Amerika ya Kati. Hebu tuangalie wanachojifunza huko, kwa maana wageni wa namna hiyo hufika hata vijijini kwetu wakitaka tuwasimulie mambo ya zamani. Ni vizuri tujue la kuwauliza kabla hatujafungua mdomo.

1. TUONE

Guatemala ilikuwa na vita vya ndani kutoka 1960 hadi 1996. Tume ya ukweli iliyotoa ripoti 1999 ilikadiria kwamba watu zaidi ya 200,000 waliuawa au walipotea. Kati ya kila 100 waliotambuliwa, 83 walikuwa Wamaya, wenyeji wa nchi hiyo, wengi wao wakulima wadogo. Vijiji vizima vilichomwa. Waliobaki walinyamaza, kwa sababu hata kuuliza ndugu yako alizikwa wapi kulikuwa hatari.

Mwaka 1995, kabla vita havijaisha, Kanisa Katoliki la huko lilianza mradi wa kurudisha kumbukumbu hizo, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Juan Gerardi. Halikutegemea wataalamu wa kutoka mbali. Mamia ya watu wa kawaida kutoka parokia walifunzwa kusikiliza na kuandika, wakaenda vijijini. Walikusanya shuhuda zaidi ya 5,000, nyingi kwa lugha za Kimaya.

Ripoti ilitolewa katika kanisa kuu la Guatemala City tarehe 24 Aprili 1998. Siku mbili baadaye Askofu Gerardi, mzee wa miaka 75, aliuawa nyumbani kwake. Mwaka 2001 mahakama iliwahukumu wanajeshi watatu na padre mmoja kwa kuhusika. Leo nguzo zilizo mbele ya kanisa kuu hilo zimechongwa majina ya waliouawa na waliopotea. Mwanafunzi akifika hapo anasoma majina, si hesabu tu.

2. TUPIME

Kwa nini kazi ile ilifaulu? Tunaona sababu tatu.

Kwanza, maswali yalikuwa wazi: Ni nini kilitokea? Lini? Wapi? Nani alifanya? Maisha yenu yaliathirika vipi? Mlifanya nini ili mwendelee kuishi? Habari yenye jina, mahali na tarehe inaweza kuwa ushahidi.

Pili, mtu alisimulia kwa lugha ya mama yake, mbele ya mtu anayeielewa.

Tatu, matokeo yalirudishwa kwa wenyewe. Kitabu kirefu cha mabuku manne kilifupishwa kwa lugha rahisi ili wanavijiji nao wajifunze.

Lakini tusidanganyane. Mwaka 2013 Wamaya wa kabila la Ixil walisimama mahakamani kutoa ushahidi dhidi ya Efraín Ríos Montt, aliyetawala nchi 1982 hadi 1983. Alihukumiwa miaka 80 jela kwa mauaji ya kimbari na makosa dhidi ya ubinadamu. Siku kumi baadaye mahakama ya katiba ikaibatilisha hukumu hiyo, na alifariki 2018 kesi ikiwa bado haijaisha. Kumbukumbu haileti haki kila mara. Hata hivyo ushahidi wa wale akina mama na wazee umeandikwa, na hakuna anayeweza kusema ati hawakusema.

Kuna jambo lingine. Wakati wa vita jeshi liliwalazimisha wanaume wa vijijini kushika doria, na wengine walishiriki kuua majirani zao. Kwa hiyo leo mjane na aliyemdhulumu wanaweza kukutana soko moja. Mwanafunzi anakaa wiki sita, halafu anapanda ndege. Msimulizi anabaki hapo hapo. Jina likitajwa ovyo, ni nani atakayeumia?

3. TUTENDE

Mgeni akija kuuliza habari za mashamba yaliyonyang'anywa, za mapigano au za waliopotea, kikundi kimwulize kwanza:

a) Habari hizi zitatumiwa wapi, na nani atazisoma?
b) Je, mtu anaweza kuficha jina lake, au kukataa kabisa?
c) Nani atatafsiri, na tunamwamini?
d) Nakala itarudi kwetu lini, kwa lugha gani?

Na tusingoje mgeni. Nunueni daftari moja. Kijana anayejua kuandika akae na mzee mmoja kila wiki, aandike kwa lugha ya mzee huyo, kisha amsomee yote ili asahihishe. Kikundi kiamue daftari litawekwa wapi, na nani anaruhusiwa kulisoma.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni jambo gani la kijiji chetu ambalo wazee wakifariki halitajulikana tena?
2. Ni nani angeweza kuumia likiandikwa leo? Tumlinde vipi?
3. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni waliotutembelea walipoondoka, sisi tulibaki na nini?