Umechaguliwa Chuo, Bado Hujasajiliwa: Maswali ya Wanafunzi Wapya na Wazazi Wao

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ikatangaza awamu ya kwanza ya udahili, simu za nyumbani hazipumui. Shangazi kapiga, mjomba kapiga, picha ya orodha yenye jina la kijana imeshazunguka makundi yote ya WhatsApp ya ukoo. Hongera zote ni halali. Ila orodha ile inasema jambo moja tu: chuo kimekupa nafasi. Mwanafunzi ni aliyesajiliwa, na kabla ya usajili kuna wiki kadhaa ambazo kila mwaka huwatoa watu njiani. Wengi wao alama wanazo. Kinachowakwamisha ni laini ya simu isiyo yao, jina lisilofanana na cheti, au pesa ya mwezi wa kwanza.

Majibu yanayofuata ni kwa wanaoingia vyuo vya Tanzania.

Nimechaguliwa vyuo viwili. Nakaa na vyote hadi niamue?

Hapana. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 mwombaji hupeleka maombi yake chuoni moja kwa moja, ndiyo maana mtu mmoja anaweza kukubaliwa sehemu mbili, tatu au zaidi. Aliyechaguliwa zaidi ya sehemu moja lazima athibitishe chuo kimoja, ndani ya siku zilizotajwa kwenye tangazo la TCU. Hutumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu, anaingia kwenye akaunti aliyoombea nafasi katika chuo anachokitaka, anaiweka namba hiyo, kisha anathibitisha. Ujumbe usipofika, ingia kwenye akaunti hiyohiyo na uombe utumiwe tena.

Siku zikipita hujathibitisha, nafasi zinarudi kwa wengine. Usitegemee huruma ya mtu: mfumo ukifungwa umefungwa, na utalazimika kuomba upya katika awamu inayofuata, kwenye kozi zilizobakiza nafasi. Kozi zenye ushindani mkubwa huwa hazibakizi kitu.

Aliyechaguliwa chuo kimoja tu, kwa kawaida hana cha kuchagua. Hata hivyo aingie kwenye akaunti yake aone imeandikwaje. Nimeona watu wakitegemea picha ya orodha iliyotumwa na rafiki, kumbe ni ya mwaka uliopita.

Mwanangu yuko kambini JKT. Nimthibitishie mimi?

Swali hili ni la kila mwaka, kwa kuwa mafunzo ya mujibu wa sheria kwa wahitimu wa kidato cha sita huchukua miezi mitatu na aghalabu hugongana na msimu wa udahili. Kijana yuko Bulombora au Mafinga, simu haipatikani muda wote, huku siku za kuthibitisha zinahesabika. Mzazi anaweza kuifanya kazi ya kubofya, lakini uamuzi ni wa mwenye kusoma. Kabla hajaondoka, akuachie vitu vitatu kwenye karatasi: jina la kuingilia na nywila ya kila chuo alichoomba, namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, na chuo anachokitaka kwa mpangilio: kwanza, pili, tatu. Ameshaondoka bila kuacha kitu? Mtafute kupitia uongozi wa kambi. Usimchagulie ualimu kwa sababu chuo kiko karibu na kwenu.

Maombi nilijaziwa steshenari. Nina shida gani?

Pengine kubwa kuliko unavyodhani. Kijana wa steshenari ana wateja arobaini kwa siku. Barua pepe hufungua mwenyewe, nywila anaweka anayoikumbuka yeye, na mteja asiyekuwa na simu anaingiziwa namba ya dukani. Baada ya miezi miwili namba ya siri ya TCU inaingia kwenye simu yake yeye, na wewe hujui. Nenda leo. Chukua barua pepe na nywila, zibadilishe mbele yake, weka namba yako. Fanya hivyohivyo kwenye akaunti ya Bodi ya Mikopo. Laini utakayoiweka iwe imesajiliwa kwa alama zako za vidole, maana ukiipoteza, mwenye haki ya kuirudisha ni yule iliyosajiliwa kwake tu.

Fomu ya kujiunga inataka nyaraka zipi?

Fomu ya maelekezo ya kujiunga hupatikana kwenye tovuti ya chuo au ndani ya akaunti yako. Ina kurasa nyingi na watu wengi husoma ukurasa wa ada pekee. Isome yote, na tarehe ya kuripoti iandike ukutani.

Nyaraka zinafanana karibu kila mahali: cheti halisi cha kidato cha nne, hati ya matokeo ya kidato cha sita kwa wanaomaliza mwaka huohuo (vyeti vyao vinakuwa bado), cheti cha kuzaliwa, picha ndogo, na nakala kadhaa za kila kitu. Aliyeingia kwa stashahada ataleta cheti na matokeo yake ya stashahada pamoja na ile namba ya uhakiki wa tuzo ya NACTVET aliyoombea. Aliyesoma nje ya nchi anahitaji ulinganifu kutoka NECTA, na huo usiusubirishe hadi wiki ya mwisho.

Tatizo hasa liko kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi Juma Said, cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi J. Saidi, NIDA wameandika Mwanaidi Said Juma. Nyumbani wote wanajua ni mtu mmoja. Dirishani kwa msajili ni watu watatu. Chuo hukusajili kwa majina yaliyo kwenye vyeti vya shule, na hayo ndiyo yatakayoandikwa kwenye shahada. Kwa hiyo ziweke nyaraka zako zote mezani leo, usome herufi kwa herufi. Tofauti ndogo ya tahajia huenda ikamalizwa kwa kiapo mbele ya hakimu au wakili. Jina likiwa limebadilika kabisa, utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kisheria, na hiyo haipatikani kwa siku mbili. Kosa lililofanywa na NIDA au RITA hurekebishwa hukohuko. Kwa waliozaliwa Zanzibar, cheti cha kuzaliwa ni suala la Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii.

Cheti kikiwa kimepotea, anza polisi upate taarifa ya upotevu, kisha NECTA. Usijaribu kutengenezewa kingine mtaani. Vyuo huhakiki matokeo NECTA, na kughushi ni kosa la jinai hata kama alama ulizoghushi ni zako kweli.

Na fomu ya afya?

Ijazwe na daktari aliyekupima kweli, hospitalini, na iwe na mhuri. Kwa kawaida hupimwa damu, mkojo na macho, na vyuo vingine hutaka picha ya kifua. Ukiwa na maradhi ya kudumu, yaandike: pumu, selimundu, kifafa. Watu huyaficha wakiogopa kufukuzwa, halafu usiku wa mtihani hakuna bwenini anayejua afanye nini.

Bima ya afya ni sharti la usajili. Kifurushi cha wanafunzi cha NHIF kimekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa muda mrefu. Mwenye kadi ambayo bado iko hai huionyesha.

Ada nilipe kwa nani?

Hulipi kwa mtu. Unalipa kwa namba ya kumbukumbu, ile tunayoiita kontroo namba: tarakimu 12 zinazoanza na 99, unayoitoa mwenyewe ndani ya akaunti yako kwenye mfumo wa chuo cha umma. Kabla hujabonyeza kulipa, benki au simu inakuonyesha jina la taasisi. Likiwa si la chuo chako, acha. Vyuo binafsi vingine hutumia akaunti zao za benki, na hizo zimeandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Linganisha na tovuti, usilinganishe na ujumbe uliotumiwa.

Mbali na ada kuna malipo madogomadogo ambayo wazazi huyagundua dirishani: kitambulisho, serikali ya wanafunzi, mitihani, na shilingi 20,000 za udhibiti ubora za TCU kila mwaka. Yote yamo kwenye fomu. Ada nyingi huruhusiwa kulipwa kwa mihula, lakini haya madogo hudaiwa yote mwanzoni.

Vishoka wanao msimu wao, na ni huu. Anayekupigia akijitambulisha kuwa afisa udahili na kukuomba laki moja "akusogeze" kwenye kozi ya udaktari hana kozi ya kukupa.

Nimepata mkopo. Naweza kwenda na nauli tu?

Usifanye hivyo. Nalirefusha jibu hili makusudi kwa kuwa hapa ndipo mwaka wa kwanza huumia.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoanza kazi Julai 2005, inagawa mkopo kwa mafungu. Ada hupelekwa chuoni. Fedha ya chakula na malazi, ile "boom", huja kwako pamoja na ya vitabu na viandikwa. Kwa mwenye kiwango kamili, chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023; kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Ingia kwenye akaunti yako ya Bodi ya Mikopo, ile iitwayo SIPA, uone kila kipengele umepewa kiasi gani, maana wapo waliopewa chakula kamili na ada nusu, na tofauti ya ada ni ya mzazi.

Jambo ambalo halionekani kwenye skrini ni kwamba boom haitoki kabla hujasajiliwa. Chuo kwanza kikusajili, majina yapelekwe Bodi, uhakikiwe, usaini kwa alama za vidole au kwa njia nyingine watakayoielekeza, ndipo fedha iingie benki. Katika hayo yote, jina likikosewa au akaunti ya benki ikiwa ya kaka yako, unarudi nyuma ya foleni. Na ili usajiliwe unahitaji bima, malipo madogo na kitanda, vyote vya fedha taslimu. Kwa hiyo panga kuishi wiki nne hadi sita kwa pesa ya nyumbani. Familia ikiwa haina, bora ukoo ukae kikao sasa kuliko kijana kupiga simu usiku wa wiki ya pili akisema hajala. Michango ya harusi tunaiweza. Hii pia tunaiweza.

Fungua akaunti ya benki kwa jina lako na kwa namba yako ya NIDA kabla ya kusafiri.

Hujaona jina kwenye awamu ya kwanza ya mikopo? Bodi hutoa awamu zaidi ya moja, kisha hufungua dirisha la rufaa. Mara nyingi kasoro ni nyaraka: cheti cha kifo cha mzazi kisichohakikiwa, sahihi ya mdhamini iliyosahaulika. Ukihama chuo au kozi, mkopo haukufuati wenyewe. Lazima uombe uhamishwe.

Na ni deni. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo hadithi za wakubwa zenu kuhusu deni linalozaa zina ukweli wa zamani.

Kulala je?

Omba hosteli siku ile mfumo unapofunguliwa. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hosteli za Magufuli zilizofunguliwa Aprili 2017 ziliongeza nafasi 3,840, na bado watu hukosa. Kubebana, wawili kitanda kimoja, hakujafa. Ukipanga mtaani, Sinza, Mabibo au Changanyikeni, jua kwamba wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita na dalali anataka ya mwezi mmoja juu yake. Usitume pesa ya chumba ulichokiona kwenye picha.

Kozi sikuipenda. Niripoti au nisubiri mwakani?

Kama chuo umekipenda, ripoti. Baada ya usajili kuna muda mfupi wa kuomba kuhama kozi, au hata chuo, kwa wenye sifa na mahali penye nafasi. Kuahirisha masomo kwa ugonjwa au msiba huombwa kwa maandishi, na vyuo vingi hutaka uwe umesajiliwa kwanza. Asiyetokea na asiyeandika hufutwa usajili ukifungwa.

Nikikwama nimuulize nani?

Udahili na nyaraka ni ofisi ya udahili ya chuo chako. Kuthibitisha kukishindikana chuoni, ni TCU. Mkopo ni dawati la mikopo hapohapo chuoni, kisha ofisi za kanda za HESLB, zikiwemo za Dodoma, Arusha, Mwanza, Mbeya na Zanzibar. Kokote uendako kwa habari ya mkopo, andika namba yako ya mtihani wa kidato cha nne pamoja na mwaka: S na namba ya shule, au P kama ulifanya mtihani kwa kujitegemea. Faili lako la mkopo limefunguliwa kwa namba hiyo.