Somo: Mtoto Aliyeanza na Namba 18

Mara nyingi mzazi hunena, “Mtoto huyu hana kichwa cha kusoma,” naye mwalimu huitikia. Neno hilo ni jepesi kinywani, bali kwa mtoto ni mzigo wa miaka mingi. Kwa hiyo twataka kujifunza habari za mtu mmoja aliyechelewa kuanza kusoma, tupate kuona alishindaje, tena ni nani waliomsaidia.

Booker T. Washington alizaliwa utumwani mwaka 1856, katika jimbo la Virginia, nchi ya Marekani. Siku zile alimchukulia binti wa bwana wake vitabu mpaka mlango wa shule, wala yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuingia. Mwaka 1865 vita vilikwisha, watumwa wakawekwa huru. Mama yake akawachukua watoto wakahamia Malden, katika West Virginia, alikokuwako baba yao wa kambo.

Huko mtoto alitiwa katika kazi ya tanuru za chumvi. Kila mpakiaji alikuwa na namba yake, na namba ya baba wa kambo ilikuwa 18. Jioni msimamizi alikuja akaiandika juu ya mapipa yao. Mtoto akaitazama mpaka akaijua, akaweza kuiandika mwenyewe, ingawa hakujua namba nyingine wala herufi yo yote. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake ya kwanza.

Kisha akamsihi mama yake ampatie kitabu. Mama hakujua kusoma, walakini alitafuta kitabu kikuukuu cha herufi, akampa. Mtoto akajifunza peke yake, na baada ya majuma machache alizijua herufi nyingi. Lakini shule ilipofunguliwa kijijini, baba wa kambo hakumruhusu kwenda, maana ujira wake ulihitajiwa nyumbani. Uchungu wake ulikuwa mkubwa, kwa kuwa aliwaona wenzake wakipita asubuhi na jioni. Hata hivyo hakukata tamaa. Mwalimu alikubali kumfundisha usiku, baada ya kazi. Baadaye akaruhusiwa kusoma mchana kwa muda, kwa sharti afanye kazi alfajiri mpaka saa tatu, na tena baada ya masomo.

Alipokuwa akifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe, aliwasikia wachimbaji wawili wakizungumza habari za shule ya Hampton, ambako maskini aweza kulipia chakula chake kwa kazi ya mikono. Mwaka 1872 akaondoka, safari ya kama maili 500. Fedha zikamwishia njiani, katika mji wa Richmond. Usiku alilala chini ya njia ya mbao kando ya barabara. Mchana alipakua chuma melini, mpaka akapata fedha za kumfikisha. Akaingia Hampton na senti 50 tu, na nguo zake zimechakaa.

Mwalimu aliyempokea, Mary Mackie, alisita kumkubali. Baada ya saa kadha wa kadha akamwambia afagie chumba cha darasa. Booker akakifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne. Mwalimu akapitisha leso yake ukutani na juu ya meza, asione hata chembe, ndipo akamkubali. Ufagio ulikuwa mtihani wake. Akapewa kazi ya kutunza nyumba ya shule, akamaliza masomo mwaka 1875. Mwaka 1881 alianzisha shule ya Tuskegee, katika Alabama, kwa wanafunzi 30, akaiongoza mpaka alipokufa mwaka 1915. Shule ile leo ni chuo kikuu.

Basi, twajifunza nini? Kwanza, kuchelewa kuanza si kukosa akili. Yeye ajuaye namba moja tu aweza kujua ya pili, na haba na haba hujaza kibaba.

Pili, kazi ya mikono haimwaibishi mwanafunzi. Afagiaye vema chumba ambacho hakuna amtazamaye, huyo atasoma vema pia.

Tatu, na neno hili twalitia mkazo, bidii peke yake haikutosha. Palikuwa na mama asiyejua kusoma aliyetafuta kitabu. Palikuwa na mwalimu aliyetoa usiku wake. Wazee wa kijiji walimchangia, huyu senti chache, yule leso. Na huko Hampton mfadhili mmoja alimlipia ada ya masomo. Tukimwambia mtoto maskini, “Jitahidi,” kisha tukaufunga mkono, tumempa nusu ya neno tu. Naye mzazi amwekaye mtoto shambani au sokoni siku zote kwa sababu ya ujira, na afikiri: ujira huisha jioni, elimu hubaki.

Maswali ya kuzungumza pamoja:

1. Katika mtaa wetu, ni mtoto gani azuiliwaye na kazi asisome? Tufanye nini naye?

2. Mwanafunzi akiwa nyuma ya wenzake, mwalimu aweza kumtengea saa gani?

3. Sisi tusio na fedha, twaweza kumchangia nini yeye aendaye shule ya mbali?