Dondoo muhimu: Betri, sauti na moshi kwa garimoshi la bustanini
Reli ya Magadi inayopita Kajiado ina upana wa mita 1. Ipunguze mara 22.5, unakaribia milimita 45, kipimo cha kawaida cha reli za bustanini.

Kwa vumbi la Kitengela, usihangaike kupitisha umeme relini. Weka betri ndani. Seli 4 za lithiamu zilizounganishwa mfululizo hutoa volti 14.8, zikijaa 16.8. Usikose fyuzi na saketi ya kinga, wala usichaji seli zilizopata moto juani.

Spika ifungie kwenye kiboksi kisichovuja hewa. Garimoshi la mvuke la Garratt, kama yale ya Makumbusho ya Reli Nairobi, lina injini mbili: mapigo ya sauti zake yakipishana, ndivyo inavyotakiwa.

Moshi ni mbwembwe, na unafyonza betri. Upe swichi yake, utumie mafuta yake maalumu. Mafuta ya taa, kamwe!