Presha ya Mimba ni Jambo la Wawili

Huku Kaaga mama mjamzito akivimba miguu huambiwa ni uchovu tu. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini uso na mikono vikivimba, kichwa kikiuma bila kupoa na macho yakiona ukungu, huenda ni presha ya mimba.

Presha hii kwa kawaida huanza baada ya wiki ya 20. Kipimo cha 140 juu ya 90, au zaidi, kinahitaji daktari. Protini ikionekana pia kwenye mkojo, hatari imeongezeka. Mama anaweza kujisikia mzima kabisa, kumbe presha imepanda. Isipotibiwa huweza kuharibu figo na kuleta kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto. Wengine wakiona kifafa hicho hudhani ni uchawi, na muda unapotea. Dawa ipo: mwaka 2002 utafiti uliofanywa katika nchi 33 ulionyesha kwamba sindano ya magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu.

Chakula nacho kina kazi yake. Mama asiyepata kalsiamu ya kutosha yumo hatarini zaidi. Kalsiamu imo katika maziwa, uji wa wimbi, terere, na omena anayeliwa na mifupa yake. Baba, ukipeleka maziwa yote dairi, mkeo anabaki na nini? Mwachie kikombe asubuhi na jioni. Githeri yenye maharagwe mengi humpa protini. Msimpunguzie chakula eti mtoto asiwe mkubwa. Chumvi atumie kwa kiasi. Kumkataza kabisa hakuzuii presha hii. Miraa aiache, maana hupandisha presha. Akipewa vidonge vya kalsiamu kliniki, asivimeze pamoja na vile vya kuongeza damu. Vipishane saa kadhaa.

Hata hivyo, chakula hakitibu presha iliyokwisha kupanda. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8, akianza kabla ya wiki ya 12. Mwenye mimba ya kwanza au ya mapacha, mwenye kisukari au ugonjwa wa figo, na aliyewahi kuugua presha hii, amwulize daktari mapema kuhusu aspirini ya kipimo kidogo. Asijinunulie dukani.

Mume, siku ya kliniki usiulize tu kama mtoto yuko sawa. Uliza pia presha imesomaje, na mtazame pamoja kitabu cha kliniki. Wekeni akiba ya nauli, na mjue ni dereva gani atakayewapeleka hospitali ya Meru usiku. Zile dalili za mwanzo zikitokea, au maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia, nendeni saa hiyo hiyo. Hata baada ya kujifungua msilegee, kwa sababu presha hii huweza kuja katika wiki 6 za kwanza.

Mliahidiana kutunzana katika afya na katika ugonjwa. Jioni ya leo jadilianeni:

1. Ni nani nyumbani kwetu anayekula mwisho, na hubakiwa na nini?
2. Tarehe ya kliniki ijayo ni lini, nasi tutaenda pamoja?
3. Hatari ikitokea usiku, tutampigia nani simu?