SOMO: KUJIANDAA KWA MWENDO MREFU



Mwaka jana kijana mmoja wetu hapa Shumba alisikia habari za mashindano ya michezo mitatu, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote siku moja bila kupumzika. Akaona ni jambo jepesi. Bahari ameizoea tangu utoto, baiskeli anapanda kila siku, na miguu anayo. Akaingia majini peke yake siku ya bamvua, maji yakipwa kwa nguvu. Mkondo ukamchukua mbali na pwani, na lau si wavuvi wa ngalawa kumwona, tungekuwa tunaandika habari nyingine. Basi tumeona vema tujifunze pamoja namna ya kujiandaa, maana vijana wengine wamekwisha kutuambia kwamba nao wanataka kujaribu.

Mashindano marefu ya namna hii, yajulikanayo kwa jina la Ironman, yalianza kisiwani, kama kwetu. Katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, kulikuwa na mashindano matatu mbalimbali: kuogelea katika bahari ya Waikiki, kuzunguka kisiwa kwa baiskeli, na maratoni ya Honolulu. Ofisa wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, na mkewe Judy, wakayaunganisha. Tarehe 18 Februari 1978 watu 15 wakaanza: kilometa 3.9 majini, 180 kwa baiskeli, kisha 42 kwa miguu. Waliomaliza ni 12. Mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Wa pili wake, John Dunbar, aliishiwa maji ya kunywa katika mbio, na wasaidizi wake wakampa bia. Tunacheka, lakini tujiulize: je, maji yetu tumeyapanga?

Hata watu hodari hushindwa na jambo wasilolizoea. Ndugu yetu John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia maratoni ya Olimpiki mwaka 1968 katika mji wa Mexico, ulio mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari. Hewa ile nyepesi ilimwelemea, misuli ikabana, akaanguka na goti likateguka. Akafungwa bendeji, akaendelea, akamaliza wa 57, wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Twamsifu sana kwa kumaliza, na ni haki. Lakini tujifunze pia kwamba mwili hufanya mazoezi kwa ajili ya mahali mtakapokwenda. Atakayeshindana baharini ajizoeze baharini, na atakayekimbia saa saba mchana asijizoeze alfajiri tu.

Naye Juma Ikangaa alikuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 alipitwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu. Mwaka 1990 alianza kwa kasi kubwa mno, na Gelindo Bordin wa Italia akampita mbele ya safari. Katikati ya hayo, Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde moja. Mtu wa namna hiyo akiweza kuponzwa na haraka, sisi je?

Kwa hiyo anza polepole. Kipimo chetu ni hiki: kama huwezi kuzungumza na mwenzako huku ukikimbia, umezidisha. Kila juma ongeza kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya mwendo wa juma lililopita. Baada ya majuma matatu ya kuongeza, juma la nne punguza. Siku moja katika juma pumzika kabisa. Vijana hawaipendi siku hii, lakini mwili hujijenga wakati wa kupumzika. Mara moja kwa juma shuka kwenye baiskeli ukimbie papo hapo, hata dakika kumi. Miguu itakuwa mizito kama si yako, na afadhali uijue hali hiyo leo.

Majini hatufanyi mchezo. Usiogelee peke yako kamwe. Chagua siku za maji mafu, maji yakiwa yamejaa, ogelea sambamba na pwani, mbali na kamba za mwani za akina mama, na ngalawa iwe karibu nawe. Mkondo ukikuchukua usishindane nao uso kwa uso. Kata upande, au elea na kuinua mkono.

Jasho la huku kwetu ni jingi. Anayetoka jasho saa nyingi hupoteza maji na chumvi pamoja, na kunywa maji matupu kupita kiasi nako ni hatari, kwa kuwa chumvi ya damu hupungua mno. Katika lita moja ya maji safi tia nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Muhogo wa kuchemsha na tende vyatosha kwa chakula cha njiani. Mtu akiacha kutoka jasho, akaanza kusema ovyo, mwekeni kivulini, mmwagie maji, mpelekeni kituo cha afya mara moja.

Wenzetu Waislamu tunaofanya nao mazoezi hufunga mwezi wa Ramadhani. Mwezi huo kuogelea tunaacha, na mbio tunazifanya nyepesi, baada ya futari.

Atakaye kujiunga aje pwani Jumamosi, aje na mwenzake, na breki za baiskeli yake aziangalie kwanza. Mwaka jana wawili walikuja bila breki.