Machweo yanauzika, mkono haukui

Shangazi, mimi ni mchoraji wa mabango hapa Kibuye, Kisumu. Nina miaka 34. Jioni, mzuka ukinipanda, huchora picha zangu mwenyewe: wavuvi ndani ya mashua, jua likizama. Huwapelekea wageni pale ufuoni Dunga na baadhi hununua. Lakini nikiweka picha ya mwaka huu kando ya ile ya miaka mitano iliyopita, sioni tofauti. Kijana niliyeanza naye sasa anaonyesha kazi zake Nairobi. Nataka kukodi chumba Nyalenda kiwe studio, labda nitaamka. Mke wangu anasema chumba hakichori, na kodi ya nyumba yenyewe hutusumbua. Je, nimechelewa? Ama sina kipaji?
Mkono Mzito, Kisumu

Mwanangu, mke wako ana hoja. Usikodi chumba sasa.

Kuhusu kuchelewa: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, Tanzania, mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968 hivi, akitumia rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Alikuwa na miaka kama 36. Alifariki 1972, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Jak Katarikawe wa Uganda naye alikuwa dereva kabla ya ng'ombe aliowachora kumpatia jina. Neno kipaji sitaligusa. Watu hulileta wanapotafuta ruhusa ya kuacha.

Kinachonishughulisha ni hayo machweo. Umeyachora mengi ukadhani ndiyo mazoezi. Mkono unaorudia unachokijua haujifunzi kitu. Rangi ya chungwa juu, mashua nyeusi mbele, ndege watatu, basi. Na hiyo nyeusi inakusitiri: mashua ikiwa kivuli kitupu, hulazimiki kujua mbao zake zinavyopinda wala shati la mvuvi linavyojikunja anapovuta wavu. Machweo endelea kuyauza, watoto wale. Ila usiyaite shule.

Tenga saa moja kila asubuhi kabla ya kazi ya mabango, siku tano kwa wiki, mzuka uwepo usiwepo. Asubuhi ina sababu. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, jua hupanda upesi. Ikifika saa nne mwanga umeshakuwa mkali na vivuli vimefupika. Chini ya mabati nako akriliki hukauka hata hujachanganya rangi ya pili. (Tandika kitambaa chenye maji chini ya karatasi ya kuchanganyia, na ukamue rangi kidogo kidogo.) Vipande vya hadibodi vinavyobaki kwenye mabango vikate ukubwa wa daftari, uvipake rangi nyeupe ya maji mikono miwili. Viwe vidogo, vya kuharibu bila uchungu.

Mwezi wa kwanza chora kitu kimoja: maji ya Dunga. Wewe huyapaka buluu. Sijaziona picha zako lakini naweza kuapa. Ghuba ya Winam haina kina kirefu, na mito kama Nyando na Sondu huimwagia udongo, hivyo karibu na ufuo maji hufanana na chai ya maziwa iliyopoa. Anza na kahawia na nyeupe, tia kijani kwa ncha ya brashi, tazama tena, rekebisha. Kisha gugumaji linaloelea humo. Kila mtu hulipaka kijani kimoja cha kopo, ilhali jani linalopigwa na jua lina manjano ndani yake na lile la kivulini linaelekea buluu. Kopo la nyeusi lifunge mwezi mzima. Utalia wiki ya kwanza.

Kuandika mabango kumekupa mstari usiotetemeka, jambo ambalo wanafunzi wengi wa sanaa hulitafuta kwa jasho. Kumekupa pia ukingo mkali kila mahali, kana kwamba mafunjo ni herufi. Pale mafunjo yanapokutana na ukungu, acha ukingo upotee: pitisha brashi kavu rangi ikiwa bado mbichi.

Jumapili, Kibuye inapofurika, chukua penseli na daftari. Mama anayepima omena, kijana wa mkokoteni. Dakika mbili kila mtu, kisha mwingine. Omba ruhusa, maana si wote wanaopenda kuchorwa. Ukirudi kwa mvuvi wako baada ya hapo, atakuwa na mgongo.

Kila kipande kiandike tarehe nyuma. Kipige picha kwa simu bila rangi, nyeusi na nyeupe: kama maji na anga vimekuwa kitu kimoja, tatizo liko kwenye mwanga na giza. Mwisho wa mwezi vipange vyote ukutani umuulize mke wako ni vipi vina maji na ni vipi vina rangi tu. Usimbishie.

Kijana wa Nairobi mwache. Ukimpata kwa simu, muulize huanza kazi saa ngapi.

Ukifikisha miezi mitatu na asubuhi ulizokosa ni chache, rudi kwenye habari ya chumba. Tafuta mwenzako mgawane kodi, na dirisha lielekee kaskazini au kusini. La mashariki au magharibi litaingiza jua moja kwa moja, na rangi uliyochanganya asubuhi haitakuwa hiyo hiyo saa mbili baadaye.